Dalali Hasemi Ubovu

Siku wazazi wa kidato cha kwanza walipoitwa shuleni, mwalimu mlezi aliwauliza swali moja tu, na swali lenyewe lilikuwa jepesi: mtoto wako anahitaji kusaidiwa nini? Alilieleza vizuri, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulieleza mwaka baada ya mwaka. Watoto, alisema, wanamaliza shule ya msingi wakiwa ndio wakubwa wa shule, wakifika sekondari wanakuwa wadogo upya. Walimu wengi, vitabu vizito, masomo mageni. Wengine hupotea kabla hata ya likizo ya kwanza. Shule inataka kuwashika mkono mapema. Kwa hiyo kila mzazi asimame aseme mwanawe anasumbuliwa na nini, bila kuona haya, maana hapa wote ni wazazi.

Wakasimama mmoja mmoja. Baba mmoja alisema wake haoni ubaoni. Mwingine alisema wake akikaripiwa anatapika. Mama mmoja muuza mkaa, mwenye kucha nyeusi na sauti nzito, alisema, "Wangu analala. Mkimweka kwenye kiti analala. Mkimsimamisha, mtajionea wenyewe." Watu wakacheka, mama akacheka nao, mwalimu akaandika.

Zamu ikamfikia Dalali.

Huyu bwana alikuwa na kiwanja cha mnada nyuma ya soko, akiuza vitu vilivyokwisha kutumika: vitanda, meza, makabati, majiko, baiskeli zisizo na breki. Kwenye kinywa chake hakuna kitu kilichowahi kuwa kibovu. Kitanda kilichobonyea kilikuwa kitanda kilichozoea mwili. Redio iliyokataa kushika stesheni ilikuwa redio ya mtu anayependa utulivu. Methali aliyoichukia kuliko zote ni ile isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama ingekuwa kweli, yeye na watu wa nyumbani kwake wangekula nini?

Basi akasimama, akakohoa, akamnyooshea mkono binti yake aliyekuwa amekaa kando yake na sare mpya iliyomzidi mabega.

"Mwalimu, wazazi wenzangu," alisema. "Huyu mnayemwona hakuja kusaidiwa. Huyu amekuja kusaidia."

Laiti angeishia hapo. Lakini alikuwa amefuatana na shemeji yake, ndugu wa mkewe, ambaye sokoni wanamwita Mia Juu. Kazi ya Mia Juu ni kusimama katikati ya wanunuzi mithili ya mnunuzi, na bei ikilala, anaiamsha: "Mia juu!" Wenyeji wote wanamjua. Wageni hawamjui, na sokoni wageni hawakosekani. Siku hiyo alisimama nyuma ya ukumbi karibu na mlango. Aliposikia sauti ya shemeji yake imepanda, kisha imekatika, kinywa chake kilifunguka chenyewe. Wallahi hakukusudia.

"Na hesabu je?" aliuliza kutoka nyuma.

"Hesabu!" Dalali aligeuka kama hamjui anayeuliza. "Anawasahihisha walimu."

"Na lugha ya kigeni?"

"Anaota kwa lugha hiyo. Sisi wazazi wake tukimsikia usingizini hatuambulii neno."

"Na tabia?"

"Kwa tabia, mzee wangu, ningeomba tusiwaaibishe watoto wengine."

Mkewe akamvuta shati ili akae. Kifungo kimoja kikang'oka, mtu hakukaa. Alipokaa hatimaye, jasho lilikuwa likimtiririka naye ameridhika, kama siku aliyouza piano isiyo na nyuzi. Binti yake alikuwa akitazama sakafu. Nyumbani wanamwita Daktari, tangu akiwa na miaka minne alipomfunga paka bandeji na paka akatulia. Hapo hapo baba yake akamtangazia mtaa mzima kwamba nyumba yao ina daktari, na jina likaganda.

Ukweli ni kwamba alikuwa mtoto wa kawaida, mzuri tu. Sayansi aliipenda. Kusoma alisoma. Na hesabu aliziweza vizuri zilipokuwa na namba peke yake, lakini mwaka wa mwisho wa shule ya msingi zikaletwa herufi zikakaa na namba, na tangu hapo hawakuelewana tena. Jambo hilo Dalali alilijua. Alilifungia pale pale anapofungia mambo yote ya namna hiyo.

Mwalimu akaandika. Wiki iliyofuata Daktari alipangwa mkondo wa kwanza, ule wa watoto wanaokimbia. Na kwa kuwa shule ilikuwa na utaratibu wa kumpa kila mgeni dhaifu mwenzake mwenye nguvu wa kumvuta, Daktari akakabidhiwa binti wa muuza mkaa, yule msinziaji, amfundishe hesabu.

*

Nyumba ya Dalali ilikuwa na vyumba viwili na ua, na ua ndio uliokuwa karakana. Kila kilichokwenda mnadani kilipita hapo kwanza. Mkewe alikuwa fundi wa kuvisha viti vitambaa, na mikono yake ilikuwa na akili: kochi lililoliwa na panya likiingia asubuhi, jioni lilitoka na maua mekundu na hakuna aliyeuliza chini ya maua kuna nini. Kazi ya Daktari baada ya shule ilikuwa kusugua rangi ya viatu kwenye mikwaruzo ya meza. Aliijua kazi hiyo tangu utoto. Unapaka kidogo, unasugua kwa kitambaa kikavu, unarudi nyuma hatua moja kuangalia. Kama bado unaona doa, unapaka tena.

Karatasi ya jaribio la kwanza la hesabu ilikuja nyumbani na alama ambazo hata Dalali alikosa neno la kuzisifia. Aliigeuza upande wa pili kuona kama kuna nyingine. Kabla hajairudisha, simu ikalia, mwalimu mlezi.

"Mzazi, nimeshangaa kidogo," alisema mwalimu. "Kwa jinsi ulivyotueleza..."

"Homa, mwalimu," Dalali alisema palepale. "Siku ile aliamka na homa, tukamwambia usiende, akasema nitakwenda. Ndivyo alivyo."

"Oo, pole yake. Basi tutamwacha pale pale."

"Mwache, mwalimu. Mwache hapo hapo."

Daktari alikuwa anasugua mguu wa meza. Hakuinua macho. "Baba, mimi sikuwa na homa."

"Najua, mwanangu. Utazoea. Kila kitu kikiwa kigeni kinabana." Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaondoka kwenda kuangalia jiko lililoletwa.

Kule shuleni msinziaji alikuwa akimfuata Daktari kila mapumziko na daftari lake. Si mtoto mbaya. Akiwa macho, alikuwa na bidii. "Hebu niambie," angeuliza, "hii herufi imetoka wapi?" Na Daktari angemjibu, "Tutaifanya kesho." Kesho ikija, anasema kesho. Msinziaji aliamini kabisa kwamba mwenzake anajua na amechoka tu, akawa anamletea karanga ili apate nguvu. Karanga hizo ndizo zilizomshinda Daktari. Mtu anakupa karanga zake kwa kitu ambacho huna! Siku moja asubuhi akatoka nyumbani na begi lake, akafika karibu na geti la shule, akageuka.

*

Jumatano ni siku ya mnada mdogo. Siku hiyo kulikuwa na kabati kubwa la nguo, la milango miwili, lililokuwa limewekwa ghala la nyuma ya kiwanja likisubiri wanunuzi wa Jumamosi, wale wenye pesa. Lakini mstaafu mmoja alifika mapema akiuliza kabati, na Dalali hakuwa mtu wa kumwambia mteja arudi Jumamosi. Akawaagiza wabebaji walilete mbele.

Wabebaji wakalileta wakihema. "Mzee, hili zito jamani," mmoja alilalamika.

"Mnasikia?" Dalali aliwageukia watu. "Mnamsikia kijana wa watu? Mbao ngumu hiyo! Siku hizi makabati ni karatasi tupu, ukipiga chafya linahama. Hili hata tetemeko likija, nyumba itaondoka, kabati litabaki."

Mia Juu alikuwa ameshajichanganya na watu. Bei ikaanza, ikapanda, ikalala. Mia Juu akaiamsha. Mstaafu akapandisha kidogo, kisha akasita, maana alikuwa mtu wa kuangalia anachonunua. "Lifungue nione ndani," alisema. "Isije ikawa lina mchwa."

"Mchwa! Hili?" Dalali akacheka cheko la kazi, akashika vipini, akafungua milango yote miwili kwa mpigo.

Ndani alikuwa amekaa Daktari na sare yake, begi mapajani, karanga mkononi.

Binti akamtazama baba yake. Baba akamtazama binti. Muuza maji alisahau kufunga bomba. Kutoka katikati ya umati mtu mmoja akauliza kwa upole kabisa, "Samahani, na huyo yumo kwenye bei?"

Sasa angalia mtu anavyoweza kuwa mtumwa wa kazi yake. Baba mwingine angesema, mwanangu, una nini? Baba mwingine angefunga mnada. Dalali kinywa chake kilimtangulia.

"Mnaona nafasi hiyo!" alisema. "Mtu mzima anaenea na begi lake! Na mchwa je? Daktari, umeona mchwa humo?"

Binti akatikisa kichwa.

"Shahidi huyo hapo!"

"Mia juu!" Mia Juu akapiga kelele, kisha akaziba kinywa chake kwa mikono yote miwili, lakini neno lilishatoka. Mstaafu, kwa hofu ya kupitwa, akapandisha tena. Dalali akagonga chuma chake cha mnada, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, kabati likaenda. Ndipo Daktari akatoka, akashuka chini, akasimama kando ya kabati lililouzwa, na watu wote wakawa wanamtazama yeye. Alikuwa analia bila sauti. Dalali alishikilia chuma chake, akashindwa kujua akiweke wapi.

*

Habari zilifika nyumbani kabla yao. Mkewe alikuwa amekaa uani na kiti kilichovuliwa nguo, misumari midogo imebanwa midomoni. Akaitema kiganjani.

"Umemuuza mwanangu?"

"Nimeuza kabati."

"Na mwanangu alikuwa wapi wakati unauza kabati?"

Dalali alifikiri. "Ndani," alisema.

"Ndani." Mama akamvuta Daktari, akamkalisha kando yake, akamfuta uso kwa upindo wa kanga. "Umekaa humo tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita."

"Na wewe?" Hapo alimgeukia kaka yake, aliyekuwa anajaribu kupita nyuma ya kochi. "Si ndiwe mlinzi wa ghala wewe? Mtoto anaingia kabatini kila siku, hukumwona?"

"Nilisikia kitu kinatafuna," alisema Mia Juu. "Nikajua mchwa."

"Na hukusema?"

"Dada, sisi hatusemi mchwa."

Hakuna aliyecheka. Daktari akaeleza yote, polepole, kidole chake kikifuata mbao za kiti: mkondo wa kwanza, herufi, msinziaji na karanga zake. "Wote wanaelewa isipokuwa mimi. Mwalimu akiniuliza, nikinyamaza, anasema kumbe ni mnyenyekevu. Nikikosea, anadhani nafanya mzaha. Sirudi, Mama. Nitabaki hapa nisugue meza."

"Utasugua meza mpaka lini?"

"Mpaka niwe mtu mzima."

Miaka yote Dalali aliota binti huyu akivaa koti jeupe, na leo mtoto mwenyewe anaomba kusugua meza, kama mtu anayeomba kazi. Halafu simu ikatoa mlio. Ujumbe kutoka kwa mwalimu mlezi: mwanafunzi hajaonekana tangu wiki iliyopita, Ijumaa kuna kikao cha pili cha wazazi, mzazi asipofika kutoa maelezo, nafasi atapewa mtoto mwingine anayesubiri. Ujumbe ulikuwa wa adabu, wenye salamu mwanzo na mwisho.

"Nitamwambia homa imerudi," alisema Dalali.

"Thubutu!" Mkewe alisimama. Alikuwa mwanamke mfupi, lakini siku hiyo hakuonekana hivyo. "Mficha uchi hazai, baba watoto. Na mimi nimo, sijitoi. Nimeziba viti vya watu mpaka nimesahau kwamba mtoto si kiti. Ijumaa utakwenda utasema kweli."

"Kwa nini usiseme wewe? Wewe una maneno mazuri ya upole."

"Nikisema mimi watasema mama ana huruma. Aliyempandisha ndiye atakayemshusha."

*

Alhamisi jioni wakaanza mazoezi. Mkewe aliweka kiti katikati ya ua, kile kilichovuliwa nguo, mguu mmoja umepasuka.

"Anza na hiki. Sema ubovu wake."

Dalali akakizunguka. Akaweka mikono nyuma. "Kiti hiki," alisema, "kina mguu mmoja unaopenda kupumzika."

"Hapana."

"Kina mguu wenye historia."

"Baba watoto!"

"Ni mguu ambao, ukiukalia kwa heshima..."

"Kimevunjika!" Mkewe alipiga kiti kofi. "Sema kimevunjika. Mbona neno fupi tu?"

Akafungua kinywa. Akakifunga, akakifungua tena. Mia Juu, aliyekuwa akitazama, akaona huruma, akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, fanya kama unakohoa." Dalali akakohoa. Katikati ya kikohozi neno likatoka: kimevunjika. Akaketi juu ya kochi, amechoka hoi. Tangu aanze kazi hiyo, alikuwa hajawahi kulisema neno hilo juu ya kitu kilichokuwa chake.

Daktari alikuwa amesimama mlangoni. Hakuondoka mpaka baba yake alipolisema mara ya pili bila kukohoa.

*

Ijumaa ukumbi ulijaa. Dalali alijaribu kumwona mwalimu kando, nje, wawili tu, lakini mwalimu alikuwa na wazazi tele na saa moja ya kuwamaliza. "Sema humu humu, mzazi. Ulivyosema siku ile kila mtu alifurahi." Mkewe alikaa safu ya tatu, Mia Juu pembeni yake, na mkono wake ameuweka juu ya goti la kaka yake, kucha zikiwa tayari. Daktari alikaa upande wa pili na sare yake. Alikubali kuja kwa sharti moja, kwamba hatasimama.

Jina likaitwa. Dalali akanyanyuka. Nyuso zikamgeukia zikiwa tayari zinatabasamu, maana walimkumbuka.

"Mwalimu, wazazi wenzangu," alianza, na sauti ikapanda yenyewe, ile ya sokoni, nene na yenye mafuta. "Mwanangu ni mtoto ambaye..."

Akanyamaza. Alikuwa ameona mikono ya Daktari, jinsi ilivyobana ukingo wa kiti. Mia Juu akavuta pumzi kujaza ule ukimya, dada yake akamfinya, pumzi ikarudi.

"Mwanangu hesabu hajui," alisema Dalali, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, hata yeye mwenyewe. "Zile zenye herufi. Na mimi nilijua kwamba hajui. Nilisimama hapa nikadanganya."

Alizoea kwamba akitaja bei, atasikia jibu. Hakuna aliyejibu. Tabasamu zilikuwa bado kwenye nyuso, hazijui ziende wapi. Masikio yakamwaka moto. Lakini alishaanza kuteremka, na mteremko ni mteremko.

"Ile homa nayo ilikuwa yangu, mwalimu. Niliitunga nikiwa nimeshika simu. Mtoto akashindwa kusema kweli kwa sababu kweli ingenifanya mimi mwongo, akaona bora ajifiche. Si mtoro. Naomba asifukuzwe. Naomba ashushwe mkondo, asaidiwe. Ndiyo haja yake niliyoulizwa siku ile."

Kicheko kimoja kikatoka nyuma. "Kumbe ndiye yule wa kwenye kabati!"

"Ndiye," alisema Dalali.

Mzee mmoja akasimama upande wa dirisha, na Dalali akamtambua. Alikuwa yule mstaafu wa kabati, babu wa mwanafunzi mwingine. "Samahani, mwalimu, nina swali kwa mzazi," alisema mstaafu. "Kwa kuwa leo anasema kweli. Kabati langu likoje?"

Dalali akamtazama mkewe. Mkewe akatazama dari.

"Mguu wa nyuma una mchwa," alisema. "Njoo tuelewane."

Hapo ukumbi mzima ukaangua kicheko, watu wakafuta machozi, wakapigana mabega. Dalali alisimama akichekwa. Alikuwa amechekesha watu maisha yake yote, lakini kuchekwa ni kitu kingine, na alitamani kutoka mbio. Hakutoka. Alingoja mpaka wakanyamaza, kisha akauliza, "Mwalimu, umeandika?"

"Nimeandika, mzee." Mwalimu mlezi ndiye peke yake ambaye hakucheka. "Jumatatu aanze mkondo wa pili. Yeye na yule mwenzake aliyepewa amfundishe wabaki Jumanne na Alhamisi baada ya masomo, nitawafundisha mwenyewe." Akageukia wengine. "Mkondo wa kwanza una watoto wengine wanaohangaika. Kuna mzazi mwingine mwenye la kusema?"

Wazazi wakatazama viatu vyao. Mmoja akaangalia saa. Hapakuwa na mwingine.

*

Lakini nje, karibu na bomba la maji, mtu mmoja mwenye tai akamvuta Dalali mkono. "Mzee, una sauti," alinong'ona. "Utanisemea? Wangu hajui kusoma vizuri, alikariri tu." Kabla hajajibu, mama mmoja akaja upande wa pili: wake ameiba majibu tangu darasa la tano, na yeye anaogopa kumwambia mwalimu. Kisha akaja mwingine, na mwingine. Walisimama kama watu walioleta bidhaa zao ziuzwe na wasingependa kuonekana nazo.

Mia Juu akamsogelea shemeji yake sikioni. "Shemeji, hapa kuna kazi. Tukiwatoza kidogo kidogo..."

"Nyamaza," alisema Dalali. Aliwaonea huruma wale watu, maana aliijua ile njaa ya kutaka mwingine akubebee aibu yako. "Wazee wangu, hiyo siwezi kuwasemea. Mlango ule pale bado uko wazi. Mkiingia, kohoeni kwanza."

Hakungoja kuona nani ameingia. Walitembea kurudi nyumbani, mama na kaka yake mbele wakigombana, baba na binti nyuma.

"Baba."

"Naam."

"Walikucheka."

"Walinicheka."

"Uliona aibu?"

Dalali alitaka kusema: kidogo tu. "Sana," alisema. "Sijawahi kuona aibu kama ile."

Daktari akatembea kidogo. "Mimi niliona kama hiyo ulipoendelea kuuza."

Dalali akasimama katikati ya njia, mwenye baiskeli akampigia kengele, akasogea. "Nisamehe, mwanangu," alisema. Binti hakusema amesamehe. Alihamisha begi bega la pili na wakaendelea kutembea, mpaka walipokaribia nyumbani.

"Jumatatu nitakwenda," alisema.

"Nitakusindikiza mpaka darasani."

"Hapana."

"Mpaka getini. Sitasema neno."

"Mpaka kona, Baba. Halafu unarudi kazini."

Jumatatu asubuhi akamsindikiza mpaka kona. Alikuwa na maneno mengi ya kumpa, mazuri, ya kutosha kuuza mtaa mzima, akayameza yote. Daktari akasema haya kwaheri, akavuka, akaingia katikati ya sare nyingine nyingi zinazofanana na yake. Dalali alidhani akifika getini atageuka. Hakugeuka. Aliingia kama watoto wengine wote, na baada ya hapo baba yake hakuweza tena kumtofautisha.

Muuza magazeti wa pale kona akamwona mzee mzima anajifuta macho. "Vumbi hilo, mzee," alisema kwa kumstahi. "Hii barabara ina vumbi."

"Hapana," alisema Dalali. "Nalia."